Imeili uliyofunguliwa steshenari si yako

Nimekaa kwenye kaunta ya steshenari hapa Morogoro tangu 2017, sio mbali sana na stendi ya Msamvu, na kazi yetu wengi mnaijua, fotokopi, kuprinti, laminesheni, kutype barua, halafu ile kubwa inayoleta watu wengi zaidi ni hii ya kujaza maombi mtandaoni. Msimu wa Bodi ya Mikopo ukifika foleni inatoka mpaka nje, ukiisha wanakuja wa ajira, wa vyuo, wa cheti cha kuzaliwa RITA, wa TIN namba, yaani mwaka mzima mtu anakaa kwenye kiti pembeni yangu ananiambia "kaka naomba unijazie tu". Na karibu mifumo yote hii ukiifungua kitu cha kwanza inakuuliza imeili.

Wengi hawana. Au wanayo ila hawaijui, ipo kwenye simu tu kwa sababu aliyewauzia simu ndio aliwafungulia ili Play Store ifanye kazi. Kwa hiyo jibu la kawaida lilikuwa "nifungulie tu hapo", na mimi nilikuwa nafungua. Dakika 5 imeisha. Jina lake, jina la baba, namba mbili tatu mbele, paswedi naweka ya mtindo mmoja kwa wateja wote, jina la kwanza na mwaka, na pale wanapotaka namba ya simu kama mteja simu yake imezima chaji naweka laini ya ofisi, ile SMS inaingia pale pale kaunta, naandika zile namba, tumemaliza. Kisha naandika kila kitu kwenye kaunta buku ili akirudi siku nyingine nimsaidie haraka. Nilijiona natoa huduma nzuri kabisa.

Sasa niwaambie kilichotokea. 2018 alikuja binti amemaliza kidato cha sita, nikamfungulia imeili hivyo hivyo nikamjazia mkopo, akapata, akaenda chuo. Ile imeili akaendelea kuitumia maana ndiyo aliyokuwa nayo, vyeti akajitumia humo, maombi ya kazi akatuma kwa hiyo hiyo. 2022 simu yake ikaibiwa kwenye daladala. Akanunua nyingine, akajaribu kuingia, paswedi alishaisahau kwa sababu miaka yote simu ilikuwa inaingia yenyewe. Akapanda basi kutoka Iringa mpaka kwangu kwa sababu alikumbuka ni mimi niliyemfungulia.

Nikafungua kaunta buku, paswedi ipo, nikaandika, ikakubali. Tukafurahi wote wawili. Halafu ikaja ile skrini nyingine, Google wanasema hawaitambui kompyuta hii, wametuma namba kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili ambazo nilizijua hapo hapo, laini ya ofisi. Ile laini ilipotea na kisimu kidogo cha kaunta miaka miwili nyuma na hakuna aliyehangaika kuirinyu. Nikapiga ile namba. Ikaita. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu mzima, "halo, nani mwenzangu?" Laini ilishafungwa kwa kutotumika, ikauzwa upya, sasa ni yake.

Nikamsalimia shikamoo, nikajieleza kwa heshima zote, mama kuna namba zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, naomba unisomee. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, mimi nimeambiwa namba kama hizi nisimtajie mtu yeyote hata awe nani, unisamehe." Akakata.

Na alikuwa sahihi. Alifanya kitu ambacho kila siku tunawahimiza wazazi wetu wafanye. Yule binti amekaa pembeni yangu anasikia kila kitu, machozi yanamlenga, kuna kampuni alikuwa ameomba kazi na alikuwa anasubiri majibu humo ndani. Tulijaribu tena siku ya pili na ya tatu, kila njia inarudi kwenye ile namba. Ile imeili haikupatikana tena mpaka leo naandika. Kama aliitwa usaili au hakuitwa hakuna anayejua.

Tangu siku hiyo nikabadilisha kazi yote ninavyoifanya, na ninayoandika hapa yametoka huko.

Kwanza kabisa namba ya simu. Watu wanadhani paswedi ndiyo ufunguo, hapana, ufunguo ni ile laini iliyoandikwa kwenye akaunti, kwa sababu paswedi ikipotea mlango wa nyuma unapitia kwenye laini. Hiyo laini iwe yako na imesajiliwa kwa NIDA yako. Wengi tunatumia laini za kaka, za mchumba, za mtu tuliyeachana naye zamani, na siku simu ikiibiwa ukienda kuirinyu wanataka alama za vidole za mwenye jina, wewe unabaki umesimama dirishani. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, utajua zipi zako kweli, na wakati mwingine utakuta namba usiyoijua kabisa, hiyo nenda ukaifute. Na kama una laini unayoitumia kwa imeili tu, usiitupe kwenye droo ukaisahau, iweke hai, itie vocha, ipige, maana laini ikilala muda mrefu inafungwa na mwisho wa siku anapewa mtu mwingine kama yule mama.

Pili, kwenye akaunti ya Google ukishawasha ule uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi wanataka na namba ya pili, kuna kitu kinaitwa namba za akiba, wanakupa 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Ziprinti. Ndiyo, kwenye karatasi, halafu weka kwenye ile bahasha ya vyeti nyumbani. Hizo namba hazijali simu imeibiwa au laini imefungwa, ukiwa na paswedi yako unaingia. Binti wa Iringa angekuwa na kile kikaratasi tungemaliza ndani ya dakika moja. Mimi kila anayefungua imeili kwangu sasa hivi namprintia bure, shilingi ya karatasi nailipa mwenyewe, haijanifilisi.

Kuhusu paswedi kuandikwa kwenye daftari, najua wataalamu wengi wanakataza, maoni yangu ni kwamba inategemea daftari liko wapi. Daftari lako kabatini kwako chumbani ni salama kuliko kutumia paswedi moja kila mahali. Daftari la steshenari ndio hatari. Lile kaunta buku letu lilikuwa na majina ya watu mamia, imeili, paswedi, namba za NIDA zile tarakimu 20, na lilikuwa linakaa juu ya kaunta karibu na stepla, mteja yeyote akiegemea analisoma. Nilipoliangalia upya kwa jicho hilo nililichana karatasi moja moja nikalichoma nyuma ya ofisi. Kama hutaki daftari, Chrome yenyewe ina sehemu ya kutunza paswedi, na ipo programu ya kutunza paswedi inaitwa Bitwarden ambayo kwa matumizi ya kawaida ni ya bure na inatosha kabisa. Paswedi yenyewe iwe ndefu, chukua maneno manne ya kikwenu yasiyohusiana yaunganishe, ni rahisi kukumbuka kuliko hayo mambo ya kuweka alama ya dola katikati ya jina lako.

Na ukitaka kujua kama imeili yako ilishavuja mahali, kuna tovuti ya Have I Been Pwned, ya Mwaustralia anaitwa Troy Hunt, ipo tangu 2013, unaandika imeili yako tu bila paswedi inakuonyesha ni huduma gani zilidukuliwa na wewe ulikuwemo. Niliweka yangu nikakuta imo, na paswedi ile niliyokuwa nimeitumia huko ilikuwa ndiyo ile ile ya kila kitu. Usiku ule nilikaa mpaka saa saba nabadilisha.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, Google wana sera, akaunti binafsi ikikaa miaka 2 bila kuguswa wanaweza kuifuta na vilivyomo vyote, walianza kuitekeleza Desemba 2023. Kwa hiyo ile imeili ya zamani yenye picha za marehemu mzee ingia hata mara moja moja, fungua, soma imeili moja, toka.

Sasa kuhusu kompyuta zetu sisi wa steshenari na saiba. Siku moja baada ya ile habari nilifungua folda ya Downloads kwenye kompyuta namba 2, ile wateja wanayokaa wenyewe. Faili zaidi ya elfu moja. Vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya form four, vitambulisho mbele na nyuma, barua za kuomba talaka, majibu ya hospitali, ramani ya kiwanja cha mtu. Kila mtu alidaunlodi, akaprinti, akalipa akaondoka. Na kwenye brauza akaunti za watu zimekaa wazi, nilikuta imeili ya mwalimu mmoja iko wazi wiki nzima. Sikuamini kwamba nilikuwa nakaa juu ya hivyo vitu miaka yote bila kuviona.

Ukienda saiba fanya hivi, kwenye Chrome bonyeza ile picha ya mtu juu kulia chagua mgeni, inafungua dirisha ambalo ukilifunga linasahau kila kitu, ila faili ulizodaunlodi zinabaki, hizo nenda kazifute mwenyewe na kwenye pipa la taka pia. Ikikuuliza uhifadhi paswedi kataa. Na kama umeshatoka umefika nyumbani ndio unakumbuka hukutoka kwenye akaunti, usirudi mbio, ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu, sehemu ya usalama, kuna orodha ya vifaa vyote vilivyoingia, utaiona hiyo kompyuta, bonyeza kuitoa. Sisi sasa kila jioni kabla ya kufunga tunafuta ile folda yote. Mwenye steshenari anayesoma hapa naomba sana ndugu yangu uanze leo, hao ni wateja wako.

Kuna jambo la faili kubwa, hili linawatesa watu mno. Mtu anapiga picha vyeti vyake kwa simu, anavibandika kwenye Word, anageuza PDF, inakuja MB 14, mfumo unataka isizidi MB 2, unakataa, na saa sita usiku ndio mwisho wa maombi. Picha moja ya simu za siku hizi peke yake inafika MB 3 au 4, kwa hiyo vyeti vinne hesabu yake unaiona. Usipige picha ya kawaida, tumia programu ya Google Drive kwenye simu ya Android, kuna sehemu ya kuskani, inakata kingo yenyewe na inatoa PDF nyepesi. Kama ni skana ya ofisini mwambie aweke dpi 150, yaani kile kipimo cha ubora wa skani, inasomeka vizuri kabisa, 300 na 600 zinaongeza uzito wa faili.

Na zile tovuti za kupunguza PDF, iLovePDF na wenzake, mimi nazitumia na ni nzuri, zimeniokoa mara nyingi. Ila kwa notisi za darasa, tangazo, vitu ambavyo akiviona mtu mwingine haina shida. Kitambulisho cha NIDA cha mteja sikipandishi tena kwenye tovuti ya watu hata kama wameandika kwamba wanafuta baada ya muda. Natumia LibreOffice, programu ya ofisi kama Word, ni ya bure, iko ndani ya kompyuta yenyewe haihitaji bando, unafungua PDF kwa ile sehemu ya Draw, ukienda kuitoa tena kama PDF inakuuliza ubora wa picha, shusha mpaka 60 au 50 na dpi 150, MB 14 inakuwa moja na kitu. Watu wengi wanalipia programu za wizi zenye virusi kufanya kitu hiki hiki.

CV tuma PDF. Sina mengi hapo. Word ukiifungua kwenye kompyuta nyingine mistari inahama, jedwali linaruka ukurasa, umeonekana mchafu bila kosa lako.

Fleshi nimeacha kuzitegemea. Zinapotea, zinabeba virusi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, ile ya faili zote kugeuka shotikati wengi imetutoa machozi. Google Drive inakupa GB 15 bure ila kumbuka hizo 15 ni za pamoja, imeili, Drive na picha vyote humo, zamani picha zilikuwa hazihesabiwi zikaanza kuhesabiwa Juni 2021. Na bakapu ya WhatsApp kwa wenye Android nayo siku hizi inahesabiwa. Hii ina madhara ambayo watu hawayaoni mapema, GB zikijaa imeili mpya haziingii, mtu akikutumia barua ya kuitwa kazini inarudi kwake na wewe umekaa tu unasubiri. Mteja mmoja alikaa wiki tatu hivyo akidhani wamemnyima majibu, tulipofungua ilikuwa imejaa video za magrupu ya harusi. Tukafuta video za bakapu, imeili zikaanza kuingia pale pale. Kwa hiyo kwenye WhatsApp toa video kwenye bakapu, na bakapu yenyewe iwe kwa Wi-Fi isije ikamaliza bando.

WhatsApp pia watu wanaigeuza kabati la vyeti, ananiambia "cheti kipo kwenye chati na mdogo wangu". Ukikituma kama picha inakibana kinatoka kimefifia, mihuri haisomeki. Kitume kama dokumenti. Na usikiache huko, ukichelewa kukifungua au ukibadilisha simu baadaye inakwambia faili halipo muombe aliyekutumia atume upya, na aliyekutumia naye hana.

Halafu wezi. Ile ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" tumeshaizoea, unaipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, unaendelea na kazi. Inayowamaliza watu sasa ni ya WhatsApp, rafiki yako kabisa, jina lake na picha yake, anakwambia kuna namba 6 nimezituma kwako kimakosa nirudishie. Huyo sio rafiki yako, ameshaibiwa na sasa zamu yako. Ukimpa, dakika hiyo hiyo umetolewa na anaanza kuwaomba pesa shangazi zako. Dawa yake ipo kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako ya tarakimu 6, mwizi hata akipata zile namba za SMS anakwama kwenye PIN. Usipoweka wewe ataiweka yeye, na akiiweka yeye ukijirudisha unaweza kusubiri siku 7 ndio ufungue. Nimewawekea wateja wengi hii, inachukua muda mfupi kuliko kuprinti barua.

Na kabla hujajaza maombi yoyote ya serikali soma anuani juu, iishie na .go.tz. Sio kuwa na neno ajira au mkopo mahali fulani katikati, iishie hivyo. Nimeletewa linki za kazi kutoka magrupuni zinazotaka mtu alipie fomu kwa namba ya simu ya mtu binafsi, wakati malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba. Kijana mmoja alishatuma elfu kumi na tano kabla ya kuja kwangu, nikabaki namsikitikia tu.

Siku hizi mtu akija hana imeili namgeuzia kibodi. Inachukua muda, foleni inalalamika, bosi wangu mwanzoni alinung'unika, nikamwambia habari ya yule binti akakubali. Juzi Jumanne alikuja mama wa miaka kama sitini, anafuatilia cheti cha mjukuu wake RITA, akaniambia baba wewe andika tu mimi macho hayaoni vizuri. Nikamwongezea ukubwa wa maandishi, nikamwambia mama hii ni yako, andika, mimi nipo hapa. Akaanza kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, anasoma kwa sauti anapobonyeza. Alipofika pale katikati akasimama, akaitafuta kibodi nzima, akaniuliza ile a yenye mkia iko wapi. Nikamwonyesha. Namba ya uthibitisho ikaingia kwenye kisimu chake cha batani, akakitoa kwenye kanga alikokifunga, akazisoma, nikageuza uso dirishani mpaka alipomaliza kuziandika.

Kile kikaratasi cha namba 10 nikakiprinti nikampa. Akakikunja mara nne, akakiweka pamoja na kliniki kadi ya mjukuu.